Fela: Kiwanja kando ya reli au gunia la dagaa?

WAFANYABIASHARA wa Nansio wanaotafuta mahali pa kuweka akiba zao nje ya kisiwa cha Ukerewe wana jina jipya la kuliingiza katika hesabu. Jina hilo ni Fela, katika Wilaya ya Misungwi, kusini mwa Jiji la Mwanza, ambako Juni 14, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka.

Tangu siku hiyo Fela imeacha kuwa jina tu la kituo kidogo katika reli ya zamani. Mipango ya serikali inapataja kuwa mahali pa kituo cha reli mpya, na pia pa bandari kavu ya kushushia na kuhifadhi shehena. Mambo hayo mawili yakitajwa pamoja, dalali wa viwanja hakosi kutokea.

Swali la soko ni rahisi kuuliza na gumu kujibu. Shilingi milioni 10 zilizo mkononi mwa mnunuzi wa dagaa wa Nansio, zikifungwa katika kiwanja kando ya kituo kipya, zitarudi lini, na zitarudi na nini?

Jibu halipatikani kwa kusimama Fela na kutazama tuta la reli. Sehemu ya jibu iko Tabora, sehemu iko Isaka, sehemu nyingine iko Nairobi, na sehemu inayowahusu zaidi watu wa Nansio iko kwenye gati la Mwanza Kaskazini.

Kipande kisichojitosheleza

Mkataba wa kipande cha Mwanza hadi Isaka ulitiwa saini Januari 2021 kati ya Shirika la Reli Tanzania (TRC) na kampuni mbili za China, CCECC na CRCC. Urefu wake ni kilomita 341, yaani kilomita 249 za njia kuu na 92 za njia za kupishania. Gharama iliyotangazwa ilikuwa zaidi ya shilingi trilioni 3, na muda uliotajwa wa ujenzi ulikuwa miezi 36.

Miezi hiyo ilikwisha mwaka 2024 bila treni. Katika taarifa za mwaka 2025 kazi ilitajwa kuwa imevuka asilimia 60. Kwa mradi wa ukubwa huo kuchelewa si jambo la ajabu, na mkandarasi anayechelewa mwaka mmoja au miwili bado humaliza. Lakini mtu aliyenunua kiwanja mwaka 2021 kwa kuamini tarehe ya mkataba amekwisha kulipia kuchelewa huko kutoka mfukoni mwake, ajue asijue.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba kipande hiki hakijitoshelezi. Njia nzima kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 1,219. Treni za abiria za reli ya kisasa zilianza kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na kufika Dodoma Julai 25 mwaka huo huo. Kutoka Makutupora, mkoani Singida, hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Isaka, kuna vipande viwili vingine vyenye mikataba yao na mkandarasi wao. Vipande hivyo ndivyo vitakavyoamua kama gunia linalopakiwa Fela litafika Dar es Salaam bila kuguswa tena.

Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na mpya ina milimita 1,435. Behewa la njia moja haliwezi kukanyaga nyingine. Iwapo kipande cha Mwanza kitakamilika kabla ya vile vya Tabora, shehena itakayotoka Fela itafika Isaka, itateremshwa, na kupakiwa upya katika mabehewa ya zamani au katika malori. Kila mfanyabiashara wa ziwani anajua maana ya kupakua na kupakia upya: makuli walipwe, magunia mawili matatu yapasuke, siku ipotee.

Kwa sababu hiyo mwenye kiwanja Fela ana sababu ya kufuatilia habari za Tabora kuliko habari za Fela penyewe. Ni mashaka kama madalali wengi wanaotembeza wateja pale wamewahi kulitaja hilo.

Fedha ya dagaa huzunguka na mwezi

Hesabu ya akiba iliyofungwa katika ardhi hufanywa na watu wachache, labda kwa sababu ardhi haionekani kula. Kiwanja hakihitaji chumvi wala mlinzi wa usiku, na watu wamezoea kusema kwamba ardhi haiozi. Ni kweli haiozi, ila nayo hula, na chakula chake ni faida ambayo fedha ile ingeleta mahali pengine.

Chukua mfano wa hati fungani za serikali, ambazo siku hizi mtu wa kawaida mwenye akaunti benki anaweza kununua kuanzia shilingi milioni moja. Mwaka 2021 hati fungani ya miaka 20 ilikuwa na riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka. Aliyeweka milioni 10 alipata shilingi 1,549,000 kila mwaka. Kwa miaka mitano ni shilingi 7,745,000, na milioni 10 zake bado zipo.

Aprili 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hati hizo hadi asilimia 12.10. Hata kwa kiwango hicho, miaka mitano inaleta shilingi 6,050,000. Maana yake ni kwamba kiwanja kilichonunuliwa Fela kwa milioni 10 mwaka 2021 kingepaswa kuuzwa kwa karibu milioni 17.7 baada ya miaka mitano ili mwenyewe awe sawa tu na jirani yake aliyeikopesha serikali na kwenda kulala. Hapo hazijahesabiwa gharama za upimaji, za hati, wala nauli za kwenda na kurudi Misungwi kuangalia kama mawe ya mipaka bado yapo.

Biashara ya dagaa ni kali zaidi katika hesabu hii. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikijaa wavuvi hupumzika. Kwa hiyo fedha ya mnunuzi wa Ukerewe huzunguka na mwezi: hutoka gizani, hurudi mbalamwezi. Tuseme mtu anabakiwa na faida halisi ya shilingi tatu tu kwa kila mia katika kila mzunguko. Milioni 10 itampa shilingi 300,000 kwa mwezi, au milioni 3.6 kwa mwaka, akijaliwa miezi yote 12. Hajaliwi yote, bila shaka. Upo mwezi wa mvua ambao mzigo hunyeshewa ukiwa umeanikwa na kuishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Lakini hata akipoteza mizunguko minne, bado kiwanja kitapata taabu kumfikia.

Haina maana kwamba ardhi ni mahali pabaya pa kuweka fedha. Mvuvi na mnunuzi wa dagaa wana hatari ambazo mwenye hati hana, na akiba iliyoko kwenye ardhi haikopwi na shemeji. Ila ni vizuri kujua bei ya usalama huo kabla ya kuulipia.

Walivyofanya Syokimau

Mfano unaotajwa mara nyingi pale viwanja vya karibu na kituo vinapouzwa ni Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, katika Kaunti ya Machakos. Novemba 13, 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua hapo kituo cha treni za abiria wa mjini, kilichoelezwa wakati huo kuwa cha kwanza kipya kujengwa Kenya tangu uhuru. Kilijengwa na maegesho ili mwenye gari aliache hapo asubuhi, apande treni hadi katikati ya Nairobi, na jioni arudi kulichukua bila kukwama kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa.

Leo Syokimau ni mji. Bei za ardhi yake zimekuwa zikifuatiliwa na kampuni za mali isiyohamishika pamoja na zile za Mlolongo na Athi River. Mtu akionyeshwa picha za mwaka 2010 na za sasa, huamini haraka kwamba treni ndiyo iliyoleta yote.

Ukweli ni kwamba treni ilikuta watu wamekwisha kufika. Syokimau iko ubavuni mwa Barabara ya Mombasa, karibu na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na viwanda vya Athi River. Nyumba zilianza kujengwa hapo kabla ya kituo. Kisha Mei 31, 2017 ilizinduliwa treni ya Madaraka Express ya Mombasa, na kituo chake kikuu cha Nairobi kikawekwa huko huko Syokimau. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kulipia yenye urefu wa kilomita 27 inayopita hapo kwenda Westlands. Aliyenunua mwaka 2012 na kuuza mwaka 2022 alifaidi barabara, uwanja wa ndege, viwanda, treni mbili na barabara nyingine juu ya ile ya kwanza. Kumpa kituo peke yake sifa zote hizo ni kama kumsifu abiria wa mwisho kwa kulijaza basi.

Treni zenyewe zilikuwa za asubuhi na jioni. Mchana kituo kilitulia. Tena abiria mwenye gari lake hashuki kununua nyanya. Hufunga mlango, hupanda, na jioni huondoka. Muuza duka aliyetegemea umati wa getini alipaswa kujua kwamba maegesho makubwa ni habari njema kwa shirika la reli na habari ya kawaida tu kwa mwenye kibanda.

Alipokuja Madaraka Express, jambo jingine lilijitokeza. Abiria wa kutoka Mombasa alishushwa Syokimau, mbali na katikati ya jiji, akiwa na mizigo na watoto. Ilibidi treni za reli ya zamani zipangwe kuwapeleka mjini na kuwarudisha, na madereva wa teksi nao wakapata kazi. Waliofaidi kituo kile mapema kuliko wote walikuwa watu wa kipande cha mwisho cha safari, wala hawakuhitaji kumiliki hata futi moja ya ardhi.

Lipo jingine la Syokimau ambalo madalali hawalitaji kabisa. Novemba 2011, mwaka mmoja tu kabla ya kituo kufunguliwa, nyumba nyingi zilivunjwa hapo kwa tingatinga baada ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya kudai kwamba ardhi ile ni yake. Zilikuwamo nyumba za ghorofa zilizokamilika, na wenyewe walikuwa na karatasi walizoamini kuwa zinatosha. Waliolia siku ile walikuwa na nyumba mahali hasa ambapo soko lilisema bei itapanda, na bei ilipanda kweli.

Isaka ni ndugu wa karibu zaidi

Hata hivyo, kuifananisha Fela na Syokimau ni kukosea aina ya kituo. Kituo kikuu cha abiria cha upande huu kimepangwa kuwa katika Jiji la Mwanza lenyewe. Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.1 katika sensa ya mwaka 2022, na hao ndio abiria. Hawana sababu ya kwenda Misungwi kupanda treni inayoanzia kwao.

Treni za mjini, zile za kupeleka watu kazini na kuwarudisha, ni jambo jingine, na Mwanza haina. Dar es Salaam ilizianza Oktoba 2012 kwa kutumia njia zilizokuwapo za reli ya kati na za TAZARA, na watu wakazipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe. Addis Ababa ilikwenda mbali zaidi ikajenga reli nyepesi ya umeme, iliyoanza Septemba 2015 kwa mkopo wa China. Miaka michache baadaye treni zake nyingi zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri, huku abiria wakigombania zilizobaki.

Kwenye reli ya kisasa yenyewe, ratiba ndiyo mwenye nyumba. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro kuna vituo vya Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Treni ya kawaida husimama, lakini treni ya haraka hupita. Mwenye nyumba ya wageni kando ya kituo anachopitwa na mchongoko hupata kelele bila mteja. Fela ikijengewa kituo kizuri kiasi gani, thamani yake kwa mfanyabiashara wa abiria itaandikwa kwenye karatasi ya ratiba, na karatasi hiyo haijatoka.

Kinachoipa Fela nafasi ni shehena. Na ndugu yake wa karibu katika shehena yuko mwisho wa kipande hicho hicho cha reli: Isaka, mkoani Shinyanga, penye bandari kavu iliyohudumia mizigo ya Rwanda na Burundi kwa miaka mingi. Mizigo ilikuja kwa reli kutoka Dar es Salaam, ikahamishiwa kwenye malori. Palipo na malori yanayosubiri pana gereji, mama lishe, vyumba vya kulala, maduka ya matairi na watu wa kubadilisha fedha.

Isaka pia imeonja upande wa pili. Reli ilipodhoofika katika miaka ya 2000, na kukodishwa kwa kampuni ya RITES ya India kuanzia 2007 kusipoleta nafuu iliyotarajiwa, mabehewa yalipungua na malori yakaanza kupitiliza moja kwa moja hadi Dar es Salaam. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipoikata njia kati ya Kilosa na Gulwe, kilomita mamia kadhaa kutoka Isaka, biashara ya Isaka ilikatika nayo. Nyumba zilibaki, wapangaji wakaondoka. Mwekezaji mdogo wa Nansio anayetaka kujua maisha ya kando ya bandari kavu yakoje asisafiri hadi Nairobi. Nauli ya Isaka inatosha, na kule watampa hesabu za miaka mizuri na mibaya.

Gunia kutoka Nansio

Ukerewe ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 380,000 mwaka 2022, na karibu kila wanachouza nje ya kisiwa hupita majini. Njia ziko mbili: kwa meli au boti kwenda Mwanza, safari ya kama saa tatu au zaidi, au kwa kivuko cha Rugezi hadi Kisorya na kisha kwa barabara kupitia Bunda.

Gunia la dagaa la kwenda Mwanza hushikwa na mikono mingi. Hutoka mwaloni kwa mkokoteni au pikipiki, huingia chomboni, hushushwa, hupimwa na kuuzwa sokoni, hasa Mwaloni Kirumba, ambako wanunuzi wa mikoani, wa Kongo na wa nchi nyingine jirani hukutana. Soko hilo liko upande wa Ilemela, kaskazini mwa katikati ya jiji. Meli za Nansio hufunga gati la Mwanza Kaskazini, nalo liko mjini. Fela iko upande wa pili kabisa, nyuma ya foleni yote ya jiji.

Ina maana kwamba mzigo wa Nansio ukitaka treni ya Fela, lazima uvuke Mwanza nzima kwa lori. Lori likishapakiwa na kulipiwa, dereva atauliza swali la haki: kwa nini asiendelee tu hadi Shinyanga au Kahama, badala ya kushusha Fela na kusubiri behewa? Reli hushinda lori pale mzigo unapokuwa mwingi na safari ndefu. Kwa magunia 40 ya mtu mmoja kwenda Kahama, haiwezi. Kwa magunia ya watu 30 waliojiunga kujaza mabehewa ya kwenda Dar es Salaam au Kigoma, hesabu huanza kubadilika.

Aina ya mzigo nayo ina sauti. Dagaa mkavu anaweza kusubiri siku mbili ghalani akiwa amefungwa vizuri. Minofu ya sangara haiwezi. Hiyo ina barafu, ina viwanda vyake na ina wateja wa ng'ambo wanaohesabu saa. Machungwa ya Ukerewe yako katikati, na katika joto la kanda ya ziwa huwa karibu zaidi na sangara kuliko dagaa.

Reli ya zamani ilijua jambo moja ambalo mipango ya sasa haipaswi kulisahau. Ilipofika Mwanza mwaka 1928 ilitafuta maji. Bandari ya Mwanza Kusini ilijengewa njia ya reli hadi gatini, na mabehewa yakaweza kuingizwa melini na kuvushwa ziwa. Hapo ndipo pamba ya visiwani na ya ng'ambo ya ziwa ilipopata treni bila kupitia mgongoni mwa lori. Iwapo reli mpya itaungwa vizuri na gati la Mwanza Kusini, na vyombo vya Ukerewe vikaruhusiwa kushushia mizigo hapo, mfanyabiashara wa Nansio atapata treni yake bila kuiona Fela. Meli mpya ya MV Mwanza, iliyojengwa hapo Mwanza Kusini na kuteremshwa majini Februari 2023, ina uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, lakini imekusudiwa Bukoba na bandari za nchi jirani.

Ardhi ya Usagara

Kuna kitu kinachofanya kazi tayari jirani na Fela, nacho si treni. Usagara, penye njia panda ya barabara ya Shinyanga na ile ya Sengerema na Geita, ilibadilika Juni 19, 2025 lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Daraja hilo la kilomita 3 limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikila saa za malori. Magari ya Geita, Chato na Bukoba sasa hupita Usagara mchana na usiku.

Anayenunua kiwanja upande huo leo ananunua barabara mbili na daraja, vitu vinavyopitisha wateja sasa hivi, na kuwekewa treni juu yake kama nyongeza. Hilo ni jambo tofauti na kununua porini, kilomita kadhaa kutoka lami, kwa kuonyeshwa kidole kwamba kituo kitakuwa "pale". Bei za namna hizi mbili zikianza kukaribiana, basi moja kati yake ina makosa.

Kuhusu karatasi, yako mambo ambayo hayahitaji wakili kuyaanza. Sehemu kubwa ya ardhi nje ya mji ni ardhi ya kijiji, na inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Mgeni kutoka Nansio hawezi kupewa ardhi hiyo na mtu mmoja tu, hata kama mtu huyo ni mwenyekiti wa kijiji. Uamuzi hupitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, na mihtasari yake huandikwa. Muuzaji anayesema muhtasari utaletwa baadaye amekwisha kumwambia mnunuzi alichopaswa kujua.

Lipo pia eneo la hifadhi ya reli, ambalo TRC imekuwa ikilitaja kuwa mita 15 kila upande mjini na mita 30 vijijini. Stesheni, njia za kupishania na bandari kavu huhitaji eneo kubwa kuliko hilo. Kwa hiyo kiwanja kinachosifiwa kwa kugusana na kituo kinaweza kuwa ndicho kitakachotwaliwa kituo kikipanuliwa. Mwenye haki hulipwa fidia, lakini kwa thamani ya mthamini, si kwa bei aliyokuwa akiiota, na asiyekuwa na karatasi hubaki kusimulia. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inasema uthamini wa fidia usiolipwa ndani ya miaka miwili hupoteza nguvu na kupaswa kurudiwa. Katika muda huo wote mwenye ardhi huwa amekatazwa kuendeleza, na mama mkopo wa benki hana habari na lolote kati ya hayo.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya kwanza, ofisi ya ardhi ya wilaya Misungwi ndiyo yenye ramani ya mipango miji ya eneo hilo. Mnunuzi aombe kuona kiwanja chake kimepangiwa matumizi gani. Kama ni makazi, ghala halitaruhusiwa, na ghala ndilo litakalotafutwa na wapangaji endapo bandari kavu itafunguliwa. Kama ni biashara au viwanda, aulize na urefu wa muda anaopewa kuendeleza kabla ya halmashauri kuanza kumwandikia barua.

Kwa wale ambao fedha yao ni moja na haigawanyiki, dagaa za giza lijalo bado zina mnunuzi Kirumba. Kwa waliovuna vya kutosha kugawa, robo ya akiba upande wa Usagara, kwenye lami, inaweza kusubiri vipande vya Tabora bila kumkosesha mwenyewe usingizi.